Karani Aliyejua Meli Inaondokea Wapi

Mtaani kwetu Kimara mtu akiachwa na basi hakuna anayemlaumu dereva. Analaumiwa yeye mwenyewe, na swali ni moja tu: "Kwani hukupita kwa Karani?"

Karani ndivyo alivyoitwa na wote, wakubwa kwa wadogo, na mimi sitambadilishia jina leo. Alikozaliwa sikujui, wala ukoo wake sikuuliza. Mwenyewe alishikilia kwamba mtu huanza siku aliyoajiriwa, na yeye aliajiriwa katika ofisi moja ya mizigo bandarini, akastaafu kutoka meza ile ile aliyopewa siku ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi za meli, kuzigonga mhuri na kuzisogeza meza ya pili. Alifanya hivyo miaka zaidi ya thelathini. Nilimfahamu akiwa tayari mstaafu, nilipofungua steshenari yangu ya kutoa kopi nyumba ya tatu kutoka kwake. Siku ya kwanza aliingia kabla sijapanga rimu za karatasi, akaniambia kibao changu kimekaa upande. Nilichukia. Nilipotoka na rula kupima, kweli kilikuwa upande, nikachukia zaidi.

Mfuko wa shati lake ulikuwa na kalamu tatu. Ya bluu ya kuandikia, nyekundu ya kukosoa, na nyeusi ya kuazima watu. Hiyo nyeusi haikuandika vizuri, na alikuwa ameichagua kwa sababu hiyo, maana kalamu mbovu hurudi kwa mwenyewe. Alisoma kila kitu chenye maandishi: matangazo ya misiba, mifuko ya chumvi, masharti ya vocha. "Tiketi haitazamwi," alikuwa akisema, "tiketi husomwa." Msemo huo aliutoa mara nyingi mno dukani kwangu, hata nikawa naumalizia mimi ili aendelee na shida iliyomleta.

Elimu yake kubwa ilikuwa moja: kujua chombo kinaondokea wapi. Mtalicheka jambo hilo ninyi msiokaa Dar. Jiji hili lina tabia ya kuhamisha stendi. Leo basi la kwenu linapandiwa hapa, mwakani unakuta pamejengwa maduka ya simu. Karani aliyajua yote hayo, na alipoulizwa alijibu kama hakimu. Jirani yetu mmoja, fundi wa kuchonga vinyago, alifiwa na kaka yake huko Masasi. Mpwa wake akaanza kumpakia bajaji kumpeleka Mbezi. Karani alitoka ndani na kandambili zake, akasimama mbele ya bajaji.

"Mnampeleka wapi huyu?"

"Stendi Mbezi, mzee. Tunawahi basi."

"Basi lake linaondokea Mbagala. Mkimpeleka Mbezi atazikiwa ndugu yake yeye akiwa anakunywa chai ya stendi. Geuza."

Wakageuza. Fundi alifika, akatupa udongo kaburini, na aliporudi alimchongea Karani kinyago kizuri cha mtu aliyenyoosha kidole. Karani alikiweka sebuleni kikielekeza mlangoni. Mkewe alilalamika kwamba wageni wanadhani wanafukuzwa.

Mkewe tulimwita Mama Karani, ingawa yeye na ukarani wapi na wapi. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika nyumba nne, na aliwahi kuniambia kwamba tangu aolewe kazi yake ni kufunga mizigo ya watu. Maana mumewe hakuishia kuelekeza. Alisindikiza. Mtu wa mtaa wetu akisafiri, Karani alikwenda naye mpaka mlangoni pa basi, akahesabu mizigo mara tatu, akaandika namba ya gari kwenye kipande cha karatasi, akakaa hapo mpaka gari likapotea machoni. Ndipo akasema, "Limeondoka," utadhani bila yeye kusema lingebaki. Chakula cha njiani alikipika mkewe. Saa aliyokupa ya kuondoka ilikuwa daima imepunguzwa saa moja ili usichelewe, na kwa kuwa sote tulijua, tuliirudisha ile saa, tukafika pale pale tulipokuwa. Hilo lilimuumiza sana.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni watu wa kupandia njiani. Sie tunaokaa kandokando ya Barabara ya Morogoro tumezoea. Basi la bara litapita tu Kimara, litapita Kibamba, sasa uende stendi kufanya nini? Unasimama na begi lako, unapunga mkono, unapanda. Karani aliona huo ni ushenzi. "Abiria wa njiani ni mzigo wenye miguu," alisema. "Mtu mwenye akili hupandia chombo kinapoanzia."

Na hapa nieleze kioja chake, ambacho kwa miaka mingi niliishi nacho bila kukiona. Mtu huyu alitusimulia Bombay, Jeddah na Durban mpaka ukasikia joto la huko. Alijua meli ipi ilibeba saruji na ipi ilileta mchele uliooza. Lakini mwenyewe hakusafiri. Kwenda Kigamboni alizungukia darajani, hata msiba ukiwa mita mia mbili kutoka pantoni linapotia nanga. Ukimuuliza anasema pantoni lina foleni. Tukaamini, kwa sababu kweli lina foleni.

Basi binti yao mkubwa, muuguzi huko ughaibuni, akaamua kuwapa wazazi zawadi ya ndoa yao. Ndoa ilikuwa imefika miaka arobaini na moja. Akawakatia safari ya meli ya kitalii, siku tisa baharini, na karatasi akazituma kwenye barua pepe ya dukani kwangu kwa kuwa wazee hawana. Nikazitoa, nikampa Karani. Alisimama pale pale kaunta, akazisoma mara tatu kwa kidole, akakunja, akatia mfukoni.

"Inaondokea wapi, mzee?" nilimuuliza kwa utani.

"Inapita hapa Dar," alisema. "Jumanne asubuhi. Tutapandia hapa hapa."

Hapo ndipo ningepaswa kutia shaka. Karani kusema *tutapandia hapa hapa*! Ila mie nilikuwa na foleni ya wanafunzi wanataka kopi za vyeti, na zaidi ya hayo nani angehakiki alichosoma Karani? Ingekuwa kama kumwonjea chumvi mpishi wa shughuli. Habari ikaenea mtaani siku hiyo hiyo, na kila mtu akaiona ya kawaida kabisa. Meli inatoka huko inakotoka, inapita Dar, wazee wanasimama bandarini, wanapanda. Kama basi la Dodoma linavyopita Kimara.

Mama Karani alifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mzima. Alikwenda Sinza kununua kofia pana ya majani, akaivaa kuchotea maji. Alianza kula kwa uma na kisu ili asiaibike melini, na kwa mwezi mzima alikula hivyo hata ugali na dagaa. Kikundi chetu cha akina mama kikashona sare za kitenge chenye samaki kwa ajili ya kumsindikiza. Tulikaa vikao vitatu. Tulijadili mshono, tukajadili ngoma, tukagombana kuhusu vilemba. Hakuna aliyejadili bandari.

Alhamisi ya wiki ya mwisho Mama Karani alikuja dukani na kofia yake.

"Mwanangu, nitolee na mie kopi ya ile karatasi, niweke kwenye pochi. Baba yenu kaikumbatia ile moja kama hati ya kiwanja."

"Haya mama, kesho nitakuwa nimekutolea."

Nilipobaki peke yangu nikaitoa. Na safari hii, kwa kuwa sikuwa na wateja, nikaisoma. Meli ilianzia Mombasa, Jumatatu jioni. Jumanne ingetia nanga Dar kutwa nzima ili watalii washuke kutembea, na chini yake yaliandikwa maneno ambayo hata Kiingereza changu cha kidato cha nne kiliyaelewa: abiria wapya hawapandi hapa. Kisha Komoro, kisha Madagaska, na mwisho Zanzibar.

 Zilibaki siku nne meli iondoke Mombasa. Mama yule angesimama bandarini na kofia yake na samaki wetu wote wa kitenge, aitazame meli yake, akatazwe kupanda. Nilifunga duka nikaenda kwa Karani. Njiani nilijipangia uongo, maana mkubwa humwambii amekosea, unamwambia mashine imekosea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umefunga duka saa za kazi?"

"Nimekuja mara moja tu. Ile karatasi ya safari nahisi ilitoka na wino hafifu, nikaona nikuletee nyingine."

Aliipokea, akaiweka mezani bila kuitazama. Mtu anayesoma mifuko ya chumvi! Nikajua.

"Umemwonyesha Mama?" aliniuliza.

"Bado. Mzee, kumbe unajua?"

"Binti, mimi nasoma karatasi za meli tangu hujazaliwa."

"Sasa ishu ni nini?"

Alikisugua kile kidole cha kinyago kana kwamba kina vumbi. "Naogopa maji," alisema. "Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa kupeleka karatasi melini. Nilifika ngazi ya tatu. Nikatazama chini, nikaona maji meusi yanapumua kati ya meli na gati. Nikashuka, nikamwomba mwenzangu anipelekee. Akanipelekea mpaka nikastaafu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikujua nianze na lipi.

"Ungemwambia tu mama."

"Nimwambieje? Namsimulia Jeddah tangu akiwa mchumba! Kuachwa na meli ni bahati mbaya, binti. Bahati mbaya haina mwenyewe. Kukataa kupanda, hiyo ni aibu, na ina jina langu."

"Na yeye je? Yeye mbona haogopi? Unamnyang'anya safari yake kwa woga wako wewe, mzee."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Nilimwona akijikunja, na nikaogopa kwamba nimevuka mpaka. Lakini nilikuwa na hasira kweli, hasira ya kumpenda mtu, na sikurudi nyuma. Nilimwambia namsubiri mpaka kesho mchana. Asipomwambia yeye, nitampa mama kopi yake, na kusoma anajua.

Kesho yake walikuja wote wawili. Nadhani mzee alitaka shahidi. Mama alikaa kwenye benchi la wateja, kofia mapajani, na Karani akasimama mbele yake akamsomea karatasi yote, kuanzia anwani mpaka masharti ya mizigo, kwa sauti ya ofisini. Alipofika kwenye Mombasa sauti ilipungua. Akamaliza, akasema, "Nilijua tangu siku ya kwanza. Naogopa maji."

Mama Karani akamuuliza:

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na pantoni?"

"Na pantoni."

"Kumbe mie nazungushwa darajani miaka yote hii, nakaa kwenye jua la Kurasini, kumbe foleni ilikuwa tumboni mwako!" Kisha akanigeukia mimi, akamwacha mumewe kama mtu aliyeacha redio. "Mwanangu, basi la Mombasa linaondoka saa ngapi, na linaondokea wapi?"

Kabla sijafungua mdomo Karani alijibu, kwa mazoea tu, maskini. "Saa kumi na mbili asubuhi. Mbezi."

"Asante. Nikatie la Jumapili," mama akaniambia. "Nafasi moja."

Lile neno *moja* nililiona likimwingia.

Jumapili alfajiri tulijaa stendi na samaki wetu, tukapiga vigelegele mpaka abiria wa Arusha wakadhani kuna bibi harusi. Karani alihesabu mizigo ya mkewe mara tatu kama kawaida, akaandika namba ya gari. Mama alipanda bila kugeuka. Basi likatoka, likakunja kona, likapotea. Tukamngoja aseme. Hakusema. Alikunja kile kikaratasi, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, na Mbezi mpaka kwetu si karibu.

Jumanne mchana simu yangu ililia.

"Niko Kariakoo!" Mama Karani alipiga kelele. "Niko na wazungu, tunaonyeshwa nyanya!"

"Mama, si upite basi nyumbani umsalimie mzee?"

"Nipite vipi? Niko safarini, ratiba imebana! Mwambie sahani yake ya melini naila mie, kwa uma."

Karani alikuwa amekaa mbele yangu na alisikia kila neno. Alikuwa amehamia dukani kwangu na kigoda chake. Kuna ukurasa kwenye mtandao unaoonyesha meli zote baharini, kila moja kidoa chake, na nilifanya kosa la kumwonyesha. Kila asubuhi alikuja kukitazama kidoa cha mkewe. Nilipotaka kuchapa barua ya mteja, alisogeza kigoda nusu na kusema fanya haraka.

"Hakijasogea tangu jana jioni," alilalamika siku moja.

"Wako Komoro, mzee. Wametia nanga. Watu wanacheza muziki."

"Bahari ikoje huko?"

"Hapo haionyeshi."

"Basi ni ramani ya nini?"

Mama alituma picha. Yuko sitahani na kofia, anacheka, meno yote nje. Karani aliomba niikuze, na mimi nikadhani anautaka uso. Alikuwa anatafuta ngazi. Alizihesabu zote kwa kidole, akafika mwisho, akaanza upya. Siku ile hakunikosoa kitu chochote, na niliporudi kumtazama nilikuta machozi yanamtoka, anayafuta kwa kiganja bila kujificha. "Nimemwacha peke yake, binti," alisema. Nikamwambia ndiyo, mzee, umemwacha. Lilikuwa kweli.

Siku moja kabla ya safari kwisha alikuja akiwa amevaa viatu vya ngozi.

"Kesho meli inaishia Zanzibar," alisema.

"Ndiyo. Mama atarudi na boti ya mchana, tiketi yake ninayo hapa nimtumie."

"Mizigo atasaidiwa na nani?"

"Wapo wachukuzi, mzee."

"Wachukuzi hawahesabu." Akavuta pumzi. "Nikatie na mie. Kwenda, ya asubuhi. Kurudi, kiti cha pembeni yake."

Nikamtazama.

"Usinitazame. Kata."

Nilimwambia nitamsindikiza mpaka bandarini, akakataa. Alisema akiniona pale nitampa nafasi ya kugeuka.

Kesho yake sikuweza kufanya kazi. Nilitoa kopi za mtu nikampa mtu mwingine. Saa nane nilifunga duka nikaenda mjini, nikasimama kwenye lango wanalotokea abiria wa boti. Walitoka watalii na mabegi ya mgongoni, wakatoka wafanyabiashara na maboksi ya karafuu, wakatoka watoto wanalia. Lango likabaki tupu. Nikaanza kufikiri mabaya.

Wa mwisho kabisa walikuwa wao. Mama Karani amejipaka jua mpaka anang'aa, sanduku mkono mmoja, na mkono wa pili amemshika mumewe mshipi wa suruali kwa nyuma, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Shati la Karani lilikuwa nje, limelowa kifuani, na uso wake ulikuwa na rangi ya papai bichi. Alipofika kwenye saruji aliketi juu ya sanduku bila kuuliza la nani.

"Shikamooni. Poleni na safari!"

"Marahaba," mama aliitikia peke yake. "Mwanangu, baba yako huyu! Nashuka melini Zanzibar, natazama gatini, namwona amesimama kwenye ukingo kabisa wa maji, ameshika nguzo kwa mikono miwili, na vidoleni kabana kikaratasi kimeandikwa jina langu. Jina langu mimi! Kama sijui mume wangu anafananaje." Alicheka, halafu kicheko kikakatika katikati, akajifuta macho na ukingo wa kofia. "Miaka arobaini na moja naishi na mtu huyu. Kanisindikiza kwenda kujifungua, kanisindikiza misibani, kanisindikiza Mbezi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuja kunipokea."

Mimi nikashindwa kujizuia, nikalia pale pale mbele ya madereva wa teksi.

"Mzee," nikamwambia, "haya twende nyumbani, gari lipo."

Karani hakufumbua macho. Alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akaupata wa mkewe, akaushika mbele ya watu wote.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Ardhi haijatulia."

Mama akaweka kofia chini, akakaa naye kwenye lile sanduku, na tukangoja.